Kazi Namba 1147

Nansio, 11 Machi 1998

Mume wangu Baba Getruda,

Barua yako imenifikia Jumatatu kwa mkono wa karani wa meli, nami nimeisoma mara mbili. Upande wa mbele hauna shida. Umeuliza homa ya Getruda, imepona. Umeuliza mihogo, ipo. Umesema unanikumbuka, asante.

Shida iko nyuma. Mwenzangu, kama unabana karatasi mpaka unaniandikia kwenye makaratasi ya ofisini, yale yenye vitundu pembeni, basi uwe unasoma kwanza kilichochapwa upande wa pili. Mimi ni mpiga chapa wa shule nzima. Mitihani yote inapita kwenye taipureta yangu, na macho yangu yameshazoea kusoma kila mstari, yapende yasipende. Nimekuta orodha. Mstari wa kwanza elias. Wa pili teodora. Wa tatu teodora. Wa nne elias. Halafu teodora, teodora, elias, hivyo hivyo mpaka chini. Kwenye mstari mmoja wa teodora pameandikwa 214:37. Kwako wewe ni 0:02.

Nimekaa na hesabu hiyo siku mbili. Saa mia mbili na kumi na nne ni karibu siku tisa, mchana na usiku. Mwezi wa pili ulipokuja huku kwetu ulikaa siku mbili, na moja ukalala kwa kaka yako.

Nakuuliza kwa heshima. Teodora ni nani, na anafanya nini muda wote huo mahali ulipo wewe? Usinijibu kwa salamu. Naumia.

Mkeo,
Modesta


Ilemela, Mwanza, 18 Machi 1998

Mama Getruda mpenzi,

Nilicheka kwanza. Nilipofika pale uliposema unaumia, nikaacha kucheka.

Teodora Shimba ni mtafiti wa hapa kwenye mradi wa sangara. Anatafuta hesabu ya samaki waliobaki ziwani, maana viwanda vya minofu vinafunguliwa kila mwezi na hakuna ajuaye vitakula mpaka lini. Mradi una kompyuta moja kubwa, ile ya mfumo wa Linux niliyokusimulia, nayo imeungwa na skrini tatu katika vyumba vitatu. Watu watatu wanaweza kuitumia kwa wakati mmoja, na mimi ndiye mwangalizi wake.

Orodha uliyoiona ni ya kazi zinazoendelea ndani ya mashine. Siyo ya watu waliomo chumbani. Ukiandika ps, inakupa kila kazi, mwenye nayo, namba yake, na muda ambao mashine imeitumikia. Ile 214:37 ni dakika na sekunde. Tena siku hiyo Teodora mwenyewe alikuwa Bujora kwa mama yake. Kuna namna ya kuiagiza kazi ibaki ikiendelea hata mwenyewe akiondoka, naye hufanya hivyo. Nyingine ulizoziona zimelala tu, zinasubiri mtu aziguse.

Mimi naangalia nani anaitumia mashine kupita kiasi na nini kimekwama. Kilichokwama nakiondoa kwa amri ya kill na namba ya kazi. Kuna namna mbili. Ukiweka -15, kazi inaambiwa ifunge, nayo inaandika matokeo yake kwenye diski ndipo inatoka. Ukiweka -9, inakatwa hapo hapo, hakuna kinachobaki. Mimi natumia kumi na tano. Tisa ni mpaka nishindwe kabisa. Watu wengine kila mmoja anagusa kazi zake tu. Mimi nina neno la siri la mkuu wa mashine, kwa hiyo naweza kugusa ya yeyote.

Kazi ya Teodora sijawahi kuiondoa. Ameiandika vizuri, haili kumbukumbu nyingi, nzuri kuitazama. Kama watu wote wangeandika kazi nzuri namna ile, mimi ningekuwa nacheza bao hapa. Kweli ni kazi nzuri.

Mihogo msiuze yote. Mbusu Getruda.

Wako,
Elias


Nansio, 25 Machi 1998

Baba Getruda,

Nimehesabu mistari. Mihogo mmoja. Getruda nusu. Teodora na kazi yake, kumi na tisa, na neno nzuri umeliandika mara tatu. Mimi nakupikia ugali miaka sita sasa, na sijasikia kama ni mzuri kuutazama.

Nimeelewa kwamba ni dakika. Sikuwa mjinga, nilikuwa sijafundishwa. Sasa nimefundishwa na nauliza maswali mawili tu.

La kwanza: ulijuaje kwamba siku hiyo alikuwa Bujora kwa mama yake? Mimi nafanya kazi na mwalimu mkuu ofisi moja, na sijui mama yake anakaa wapi.

La pili: nyuma ya barua hii umeniletea orodha nyingine, naona hujifunzi. Hii ni ndefu zaidi, ina safu imeandikwa NI. Watu wote wana sifuri. Wewe sifuri. Mpaka mashine yenyewe sifuri. Teodora peke yake ana -5. Hilo hukulieleza kwenye mistari yote kumi na tisa.

Modesta


Ilemela, 2 Aprili 1998

Mama Getruda,

Najuta kukufundisha.

Safu hiyo inaonyesha kazi ipi itangulie. Ikiwa chini ya sifuri, inapita mbele ya nyingine. Ndiyo, nimeiweka mimi, kwa agizo la Dokta Mayala, mkuu wa mradi. Teodora ana haraka na hesabu zake. Sababu ya haraka naijua, lakini ameniomba nisimwambie mtu, nami nimeahidi. Si jambo baya, wala halikuhusu wewe wala mimi. Na Bujora nilijua kwa sababu aliaga, kama watu wanavyoaga kazini.

Modesta, nimechoka kujitetea kwa namba. Njoo likizo ya mwezi wa sita. Utakaa wiki nzima, utaiona mashine, utamwona Teodora, utaona hata chai tunayokunywa. Kama ukikuta kitu, uniambie usoni.

Elias


Nansio, 20 Mei 1998

Baba Getruda,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nachapa mitihani ya muhula.

Umemwahidi. Sawa. Mimi nilidhani ahadi zako zote ulizimaliza mbele ya padri.

Nitapanda meli Jumatatu tarehe 8 Juni. Getruda atabaki kwa mama. Sijakasirika.

Modesta


Ilemela, 16 Juni 1998

Mama Getruda,

Natumaini ulifika salama na ziwa halikukusumbua. Nilifurahi kukuona hapa. Umeielewa mashine kwa siku tatu kuliko wageni wa wizara kwa mwaka. Nilipokuwekea kazi ndogo ya majaribio ukaiondoa mwenyewe kwa amri, nilijivuna mbele ya wenzangu.

Nakupa habari mbaya. Ile kazi ya Teodora niliyokuonyesha kwenye orodha, namba 1147, ilikufa siku ya Alhamisi, mchana, muda ule nilipoitwa nje kusaidia kusukuma gari la Dokta. Ilikuwa imekwenda siku ishirini na mbili bila kukatika. Tuliivusha kwenye migao mitatu ya umeme kwa betri na jenereta. Ilibakiza siku tisa. Haikuacha matokeo yoyote.

Sasa naweza kukwambia siri niliyoombwa kuitunza, maana mwenyewe ameshaitangaza kwa kilio. Teodora alikuwa amepata nafasi ya kusoma Norwegia, miaka miwili. Alitakiwa kupeleka matokeo hayo kabla ya tarehe 30 Juni, kisha aondoke Agosti. Alificha kwa sababu kuna watu wawili hapa ofisini walioomba nafasi hiyo wakakosa. Ameianza kazi upya Jumatatu, lakini hesabu ya siku unaijua, haitafika.

Dokta alituita wote kuuliza nani aligusa. Mwenye uwezo wa kugusa kazi ya mtu mwingine ni mmoja tu, kwa hiyo nilisema ni mkono wangu, nilikosea namba.

Nisalimie mama.

Elias


Nansio, 22 Juni 1998

Mume wangu mpenzi Baba Getruda,

Nilifika salama, ziwa lilikuwa tulivu. Magugu maji yamejaa gatini mpaka meli ilizungushwa mara mbili kabla ya kufunga. Getruda ameota jino lingine. Mama anakushukuru kwa sukari. Mwalimu mkuu anataka mashine mpya ya stensili, tumeandika barua, tunasubiri.

Pole sana kwa mkasa wa ofisini. Labda ni umeme. Umeme wa Mwanza tunaujua, unaweza kuruka sekunde moja na mtu asione. Kwa nini ukubali kosa ambalo hujalifanya? Wewe una moyo mwepesi, watu watakuonea.

Kwa hiyo alikuwa anaondoka. Norwegia ni mbali kiasi gani? Miaka miwili mizima? Elias, kwa nini hukuniambia? Ungeniambia mwezi wa nne kwamba huyu mtu anasafiri Agosti, mimi ningelala. Ningemshonea hata sweta.

Uniletee barua mapema.

Mkeo akupendaye,
Modesta


Ilemela, 28 Juni 1998

Modesta,

Umeme ukikatika, mashine yote inazima. Siku ile kazi kumi na nane ziliendelea na moja ikafa.

Kuna jambo sikukufundisha. Mashine inaweka kumbukumbu ya kila amri iliyoandikwa. Nilipoingia ndani baada ya gari kuwaka, nilikukuta dirishani unatazama ziwa. Ulipokwenda kunawa mikono, nikasoma. Ya kwanza ni ps, niliiandika mimi kukuonyesha. Ya pili imeandikwa kill -9 1174. Kazi ya namba hiyo haikuwapo, kwa hiyo mashine ilikukatalia. Ya tatu ni kill -9 1147.

Nimeutazama mstari huo wa pili siku nyingi. Ulikosea namba, ukaambiwa hakuna, ukawa na nafasi ya kuinuka. Ukarudi kwenye orodha, ukasoma upya, ukasahihisha. Na kumi na tano uliijua. Ungetumia kumi na tano angepata nusu ya matokeo, pengine wangemwelewa. Ukachagua tisa, mara zote mbili.

Ijumaa nilikubebea mzigo mpaka gatini nikiwa najua. Nilikununulia mahindi ya kuchoma nikiwa najua. Nilitembea taratibu makusudi ili upate muda wa kusema, na wewe ukanieleza habari za vitenge.

Nimekasirika. Sijawahi kumgusa huyu binti hata bega. Kuiacha mashine wazi na neno la siri limeshaingizwa ni kosa langu, na nimelibeba mbele ya Dokta. Lililobaki ni lako. Mimi sitamwambia Teodora. Utamwandikia wewe, kwa mkono wako, na usipomwandikia usiniandikie na mimi.

Elias


Nansio, 3 Julai 1998

Kwa Teodora Shimba,

Barua hii nimeianza mara nne. Nitaisema haraka kabla sijaichana tena.

Ni mimi. Kazi yako niliiondoa mimi, Alhamisi ile, mume wangu alipotoka nje. Yeye hakuniagiza wala hakuniona. Alisema ni yeye ili kunificha, na mimi nikamwacha aseme.

Nilikuwa na wivu. Nilianza kuona jina lako kwenye karatasi mwezi wa tatu, na kila barua jina lako lilikuwa linazidi. Nilikuja Mwanza nikitafuta mwanamke wa kumchukia. Wewe ukanipokea, ukaniita wifi, ukanikatia papai. Nilikuchukia zaidi kwa sababu ulinipokea vizuri. Nilitazama ile orodha nikaona umemzidi mke, umekaa naye siku ishirini na mbili bila kutoka, hata kama haupo chumbani. Najua ni upuuzi. Wakati ule haukuwa upuuzi kwangu, ulikuwa unaniunguza kifuani.

Nilijua kuna namna ya kuiondoa ikabakiza kitu. Nilitaka kisibaki kitu.

Sikujua kuhusu masomo. Nisingejali pengine, sitaki kusema uongo tena. Lakini sasa najua, na kila nikichapa karatasi ya mtihani ya mtoto wa watu nakukumbuka wewe na matokeo yako. Nakuomba unisamehe. Kama huwezi, basi mwamkie Elias asubuhi, maana yeye hana kosa kwako.

Modesta, mama Getruda


Ilemela, 14 Julai 1998

Dada Modesta,

Barua yako imenikuta nikiwa ninamalizia kuchukia mtu asiyehusika. Nilikuwa nimeamini ni Kaka Elias. Nilifikiri ananionea wivu wa masomo, kwa sababu yeye ndiye anayeijua mashine hii kuliko sisi wote na hakuna aliyewahi kumpeleka hata Nairobi. Wiki tatu tumepishana mlangoni nikiwa simwitikii. Alikuwa ananisalimia hivyo hivyo.

Nafasi yangu imekwenda. Wamempa mtu mwingine tarehe mosi Julai. Wameniandikia kwa upole kwamba nijaribu tena baada ya miaka miwili. Hesabu mpya itamalizika kesho kutwa, na itakuwa sahihi, na haitanipeleka popote.

Umeomba msamaha. Ukiniuliza leo, hapana. Siwezi kukuahidi lini.

Lakini sikutaka Kaka Elias aendelee kubeba mzigo ambao si wake, kwa hiyo barua yako nilimwonyesha Dokta Mayala. Alisema mtu aliyetoka chumbani akaacha mashine ya mradi wazi kwa mgeni, hata kama mgeni ni mke wake, hawezi kuendelea kushika neno la siri. Hakumfukuza. Amelibadilisha na kunikabidhi mimi. Kuanzia Jumatatu ijayo mimi ndiye mwangalizi wa mashine, na Kaka Elias ni msaidizi wangu. Akitaka kutanguliza kazi au kuondoa ya mtu, itabidi aniombe mimi. Vyumba viwili vimechukuliwa na mashine mpya za kupimia maji, kwa hiyo sisi wawili tumewekwa chumba kimoja.

Sikuomba haya, Dada Modesta. Mimi nilikuwa naondoka.

Teodora Shimba


Nansio, 19 Julai 1998

Baba Getruda,

Nimemwandikia, amenijibu. Nimesoma yote. Najua umeshushwa cheo kwa mkono wangu, na najua hukunitukana ingawa ungeweza. Nisamehe. Nimekwenda kanisani Jumamosi, nimeungama, padri akaniambia wivu ni mzigo wa kuweka chini kila siku, siyo mara moja. Nimeuweka chini Jumamosi. Leo Jumapili ninao tena.

Sitauliza habari zake. Sitasoma nyuma ya karatasi. Getruda anakuulizia, na mimi nakusubiri mwezi wa nane, uje ukae siku nyingi.

Sina haki ya kuuliza chochote, nalijua hilo vizuri, na naandika nikiwa na aibu. Lakini nijibu jambo hili moja, Elias, kisha sitakuuliza tena maisha yangu yote. Hicho chumba mlichopewa, meza ziko mbili, au ni moja?

Modesta